Injini Ikifa, Chagua Yenye Ndugu Mjini

Msomaji wangu, iko misiba miwili inayomkosesha usingizi kijana wa mjini. Wa kwanza ni kuachwa na mchumba. Wa pili ni fundi kufungua boneti, kusikiliza mara moja tu, kujifuta mikono kwa tambara na kutamka: "Kaka, hapa injini imenoki." Msiba wa kwanza una dawa, utampata mwingine. Wa pili nao una dawa, ila dawa yake inauzwa kwa mamilioni, na baadhi ya wauzaji wake ni watoto wa mjini kukushinda wewe.

Wiki hii basi tuongee habari hiyo. Injini imekufa, hela umejikusanyia kwa jasho, unataka kutia nyingine. Uchukue ipi?

Usidhani haya ni maneno ya starehe tu. Kwa wengi gari ndiyo kazi yenyewe. Ndilo teksi, ndilo linalobeba nyanya za kina mama alfajiri kwenda sokoni, ndilo linalolipa ada ya shule na kodi ya nyumba. Ukikosea injini unapoteza hela ya injini, halafu unapoteza na hela ya kila siku ambayo gari lingeingiza wakati limekaa juu ya mawe kwa fundi. Wapo waliouza kiwanja kwa mtindo huo.

Sasa nenda kijiweni ukaombe ushauri. Jibu ni moja tu: "Weka kubwa!" Mwenye Mark II ya silinda sita za cc 1988 anaambiwa atafute 2JZ ya Supra, gari lipae. Mwenye Corolla naye anaambiwa eti atie kitu cha kuwafunga watu midomo. Kila mtu anataja injini yenye mbio, hakuna anayetaja hela ya kuifunga wala fundi wa kuielewa.

Mimi nasema injini ni kama kuoa. Huoi mtu mmoja, unaoa na ukoo mzima. Injini inakuja na shemeji zake: giaboksi, waya, kontrol boksi, redieta, mauntingi, pampu ya mafuta. Shemeji hao wasipoelewana na gari lako, ndoa inavunjika mapema. Kwa hiyo injini ya kuchagua ni ile yenye ndugu wengi mjini, ambayo gari lako linawafahamu tayari.

KWANZA, IMEKUFA KWELI?

Kabla hujaenda kununua, hakikisha maiti ni maiti. Gari likichemsha na kukosa nguvu, inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi tu. Likitoa moshi wa bluu, linakunywa oili, na huenda ni ringi au sili za valvu. Mwambie fundi apime kompresheni kwa geji, silinda moja baada ya nyingine, na wewe usimame pale pale uone namba kwa macho yako.

Mfano ni 4A-FE, injini ya cc 1587 ya Corolla nyingi za miaka ya 1990. Kipimo cha Toyota wenyewe kwa injini nzima ni paundi 191, isishuke chini ya 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi paundi 14. Ukiona tatu ziko sawa na moja iko chini peke yake, mgonjwa anatibika. Zikiwa zote zimelala, hapo ndipo mjadala wa kubadilisha unapoanza.

Na hata hapo iko njia ya pili, kuifungua na kuifanyia ovahoo. Silinda zinachongwa na kutiwa pistoni zenye unene uliozidi kidogo, kwa mfano milimita 0.50 juu ya kipimo cha kiwandani, na krankishafti inasagwa na kutiwa beringi za kulingana nayo. Ukiwa na fundi wa mashine anayeaminika, njia hii ni nzuri kwa injini zilizo adimu sokoni. Lakini kwa injini zilizojaa mjini, ovahoo ikipigiwa hesabu ya spea zote halali, mara nyingi inakaribia au inapita bei ya injini nyingine. Piga hesabu zote mbili kwenye karatasi kabla hujaamua.

SOMA JINA LAKE

Injini ina jina, na jina hilo linaongea. Tuendelee na Toyota, maana ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Chukua hiyo hiyo 4A-FE. Herufi A ni jina la ukoo. Namba 4 ni yupi katika ukoo huo. Baada ya kistari, F maana yake kichwa chenye kamshafti mbili za matumizi ya kawaida, kwa mtu anayebana mafuta. Ukikuta G badala ya F, hicho ni kichwa cha mwendo. E ni mafuta yanayorushwa na nozeli kwa amri ya umeme, yaani hakuna kabureta. T ni taabo.

Ukishajua hayo huingizwi mjini kirahisi. Muuzaji akikwambia "hii ni ile ile, bosi", unainama kusoma jina lake kwenye bloku. Kama gari lako lilikuwa na 5A-FE na yeye anakuonyesha 5A-FE, mmeanza vizuri.

Hata kama huna 5A, tafuta ndugu wa tumbo moja. 5A-FE ina cc 1498, na 4A-FE ina cc 1587. Mwendo wa pistoni kupanda na kushuka ni milimita 77 kwa zote mbili. Tofauti ni upana wa silinda: 78.7 kwa 5A na 81 kwa 4A. Toyota wenyewe walizifunga zote mbili kwenye Corolla za aina moja. Ndiyo maana fundi anaweza kuitia 4A mahali pa 5A bila kuchomelea kitu, ilimradi uichukue pamoja na kontrol boksi yake. Umepata nguvu kidogo zaidi, na gari halijui kama limebadilishiwa mke.

Vivyo hivyo kwenye magari madogo ya siku hizi. Vitz, ist na Probox nyingi zinatumia ukoo wa NZ: 2NZ-FE ya cc 1298 na 1NZ-FE ya cc 1497. Hao ni ndugu wa damu. Lakini Vitz ya kwanza ile ya cc 997 ina 1SZ-FE, na huo ni ukoo mwingine kabisa. Mtu akikwambia "Vitz ni Vitz tu", muulize yeye ndiye atakayelipia mauntingi na waya?

MAJINA SAWA, TABIA MBALIMBALI

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Injini mbili zinaweza kuwa na jina moja na bado zisikae kwenye gari moja.

Mfano wake ni 3S-FE ya cc 1998. Ipo kwenye RAV4 ya kwanza, na ipo kwenye Noah ya zamani, ile ambayo injini imejificha chini ya viti vya mbele. Kwenye RAV4 injini imekaa ubavu, kutoka tairi hadi tairi. Kwenye Noah imelala kwa urefu wa gari na inasukuma tairi za nyuma. Jina ni lile lile, lakini sampu ya oili ina umbo tofauti, mauntingi ziko mahali tofauti, na mabomba ya kuingiza hewa yamepinda kwa namna nyingine. Unaweza kuzihamisha sehemu hizo kutoka injini yako iliyokufa kwenda ile mpya, ila lazima fundi ajue mapema, na injini ya zamani isiwe imeshauzwa kwa watu wa chuma chakavu!

Kwa hiyo sheria ya dhahabu ni hii: injini iliyokufa usiiachie mpaka gari litembee. Hiyo ndiyo stoo yako.

Uliza pia maswali matatu. Injini unayoitaka ilitoka kwenye gari la giaboksi ya mkono au otomatiki? Ilikuwa inavuta tairi za mbele, za nyuma au zote nne? Ilitoka toleo la mwaka gani? Kama muuzaji hawezi kujibu hata moja, hajui anachouza.

WAYA NDIYO ROHO

Zamani injini ya kabureta ilihitaji mafuta, hewa na moto wa plagi, basi. Injini ya leo inatawaliwa na kontrol boksi, kisanduku kinachopokea habari kutoka kwenye sensa na kuamua mafuta yaingie kiasi gani na moto upigwe lini. Ukinunua injini bila kisanduku chake na waya zake, umenunua mwili usio na akili. Fundi ataunganisha waya kwa kubahatisha, gari litawaka leo na kugoma kesho, na taa ya injini itakaa imewaka kwenye dashibodi kama taa ya msikitini.

Magari mengine yana ufunguo wenye kinga ya wizi ndani yake. Kontrol boksi isipoutambua ufunguo, injini haiwaki. Hapo utahitaji fundi umeme mwenye kompyuta, si yule wa bisibisi na tambara.

Na neno moja kuhusu zile zinazoitwa D-4, kama 3S-FSE na 1AZ-FSE. Hizi zinapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Ni akili nzuri ya kubana mafuta, lakini zinataka petroli safi na fundi aliyezizoea. Bei yake sokoni ikikushangaza kwa urahisi wake, jua kuna sababu. Kama huna fundi wa D-4 karibu na kwako, mwachie mwenzio.

LAND ROVER YA BABU

Wapo vijana waliorithi Land Rover 109 na wanataka ifanye kazi shambani. Injini yake ya asili ya cc 2286 haina haraka na maisha, na wengi huitoa wakatia dizeli ya Toyota au ya Isuzu. Si wazo baya. Hata Land Rover kule Australia, miaka ya 1980, waliyauza magari yao yakiwa na dizeli ya Isuzu 4BD1 ya cc 3856. Lakini kumbuka, waliitia pamoja na giaboksi nzito zaidi, hawakuiacha ile ya zamani.

Hapo pana somo. Injini ya dizeli yenye nguvu nyingi chini inasokota kwa ubabe. Giaboksi ya zamani na ekseli za nyuma za 109 hazikuandaliwa kwa ubabe huo, na ekseli hizo zinajulikana kwa kukatika. Tena kati ya injini ya kampuni moja na giaboksi ya kampuni nyingine lazima lichongwe bamba la kuunganishia, lililopimwa barabara. Likipinda kidogo tu, klachi na beringi vitakuwa vinakufa kila baada ya muda na utalaumu spea bandia. Ongeza uzito wa dizeli kwenye springi za mbele, pampu ya mafuta na waya za kuwashia. Ukiweza kupata injini pamoja na giaboksi yake, chukua vyote.

MBIO BILA BREKI

Turudi kwa wapenzi wa 2JZ. Sikatai, ni injini tamu, cc 2997, silinda sita, na ile yenye taabo mbili kwenye Supra ilitoka Japani ikiandikwa nguvu za farasi 280. Lakini breki za gari lako zilipimwa kwa injini iliyokuwamo. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama tangu ulipokanyaga breki unazidi mara nne. Hiyo ni fizikia ya sekondari, haihongeki.

Kwa hiyo ukiongeza injini kwa kiasi kikubwa, ongeza diski za breki, shokomzoba, tairi na redieta. Kama huna hela ya hivyo, huna hela ya injini hiyo. Mtoto anayevuka barabara mbele yako hajui kama umetia silinda sita.

SOKONI SASA

Dar wengi huelekea Gerezani na mtaa wa Shaurimoyo. Mtu wa Nairobi huenda Kirinyaga Road, ambako wengi bado hupaita Grogan, na wa Kampala huenda Kisekka. Injini nyingi huko zimetoka Japani, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah.

Kwa nini Wajapani wanatoa injini nzima? Kwao gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, ukaguzi uitwao shaken, na gharama zake huwafanya wengi waachane na gari mapema. Ndiyo maana unaweza kupata injini ambayo haijachoka. Lakini kontena moja linaweza kubeba pia injini ya gari lililogongwa, lililochemsha au lililozama majini. Kwa hiyo usinunue hadithi ya "imetoka Japani, bosi". Kagua.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Chomoa plagi utazame: oili nyeusi mbichi au kutu si dalili nzuri. Zungusha krankishafti kwa spana, izunguke mzunguko mzima bila kukwama. Tazama kama nati za silinda hedi zina alama za spana, maana hapo kuna mtu alishapita. Injini iliyooshwa ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi nayo itilie shaka, huenda inaficha pale inapovuja. Kisha omba ifungwe betri, ipimwe kompresheni. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Andikishana naye risiti yenye namba ya injini na siku za majaribio, ili ikikataa ibadilishwe. Maneno ya mdomo yanaishia mlangoni.

Ukiifikisha kwa fundi, usiifunge kama ilivyo. Badilisha taimingi belti kama ni ya belti. Toyota nyingi za Japani zimepangiwa kilomita 100,000, na wewe hujui hiyo imeshatembea ngapi. Tia na pampu ya maji, sili za krankishafti, thamostati, na sahani ya klachi kama ni gia ya mkono. Wakati injini iko nje, kazi hizo ni za saa chache. Ikishafungwa, kuifikia sahani ya klachi ni kazi ya kushusha upya, na fundi atakudai upya.

KADI YA GARI

Jambo hili vijana wanalipuuza sana. Kadi ya gari ina namba ya chesisi, na ina namba ya injini na ukubwa wake. Ukibadilisha injini na kadi ikabaki na namba ya marehemu, siku trafiki akilinganisha utaonekana mwizi. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi atakimbia. Siku ya ajali, bima watapata pa kushikia. Kwa hapa Tanzania nenda TRA na risiti yako, uulize utaratibu wa kurekebisha kadi, tena ukaulize kabla hujanunua.

Na injini isiyo na risiti, yenye namba iliyokwaruzwa, hata ikiwa bei ya karanga, iache. Huenda ilitoka kwenye gari la mtu ambaye bado anatembea kwa miguu akilitafuta.

PIGA HESABU KABLA YA NDOA

Tuseme injini imetajwa milioni moja na nusu na wewe unazo milioni moja na nusu. Rafiki yangu, huna hela ya injini! Bado hujalipa mkono wa fundi, gari la kubebea, oili, kulanti, belti, mauntingi na fundi umeme. Gawa hela yako mafungu matatu. Mafungu mawili yaende kwenye injini, moja libaki mfukoni kwa ajili ya shemeji zake. Kama mafungu mawili hayafiki bei ya ile unayoitamani, shuka chini, chukua ile ile iliyokuwamo.

Kisha fanya utafiti wa bure. Simama barabarani karibu na kwenu uhesabu: ni magari mangapi yanapita yenye injini unayotaka kununua? Mafundi wangapi wa mtaani wanaijua? Pampu yake ya maji inapatikana duka la kona au mpaka uagize? Ukikuta teksi na pikapu za wauza mboga zinaitumia, hiyo ndiyo. Madereva wale hawana hela ya kuchezea.

Najua kijiweni watakucheka. Watasema umetoa 5A ukatia 5A, sasa umefanya nini? Waache wacheke. Jumatatu alfajiri utapiga ufunguo mara moja, gari litawaka, utaenda kazini. Wao watakuwa bado wamekaa pale pale, wanabishana kuhusu Supra.

Wiki ijayo Mungu akipenda.